Msika wa Mbweni

Wazo, Dar es Salaam
5 Machi 2023

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naituma barua hii kwa sanduku la parokia kama ulivyoagiza ulipoondoka, na naomba tu Padri asiisahau kwenye gari lake. Mama hajambo, isipokuwa magoti. Siku hizi anauza duka akiwa amekaa na wateja wanajipimia sukari wenyewe. Malori yanapita mbele yetu tangu alfajiri, vumbi lake tunalinywa na chai. Namba yako ya simu haipatikani tangu Oktoba. Mama anasema umeitupa kwa makusudi. Mimi namwambia huko kijijini Kamachumu mtandao ni wa shida. Hatubishani sana.

Kazini wameniongezea mkataba wa mwaka mmoja, pale ofisi ya msaada wa kisheria Kinondoni. Wiki iliyopita nilikabidhiwa jalada la mjane wa Mbweni, Bi Hamisa, miaka sitini na tatu. Mumewe, marehemu Faraji, alikuwa fundi wa majokofu. Walijenga Mbweni wakati ule watu wakiwacheka kwamba wamehamia porini. Faraji alifariki mwaka juzi. Miezi minne baada ya maziko akatokea mtu anaitwa Sadallah, akasema ni mdogo wa marehemu, mahakama imemteua kusimamia mirathi, na nyumba imeshapata mnunuzi.

Bi Hamisa aliniambia, "Mwanangu, mume nimekaa naye miaka thelathini na minane. Kwa mama yake kazaliwa peke yake. Huyo mdogo wake kanunuliwa duka gani?"

Lakini Sadallah ana muhtasari wa kikao cha ukoo, na bila muhtasari huo, kama ujuavyo kuliko mimi, mahakama ya mwanzo haimteui mtu. Kurasa mbili za mkono, wajumbe tisa, sahihi tisa, muhuri. Ni kazi nzuri. Ukisoma unauona ukoo umekaa kwenye mikeka, na kuna mahali shangazi anaomba kikao kisimame kidogo kwa sababu ya uchungu. Bi Hamisa hamjui hata mmoja wao.

Nina swali. Aya ya nne inasema: "Ukoo kwa kauli moja umemsimika ndugu Sadallah kuwa msika wa marehemu." Ofisini hakuna anayelijua neno hilo. Wakili Lusungu, ambaye ndiye mkubwa wangu, anadhani kalamu iliteleza. Wewe umewaandikia watu nyaraka miaka mingi. Nieleze maana yake, na tafadhali uandike kwa mkono wako, usimpe mtu akuchapie.

Ombi letu la kutengua uteuzi wa Sadallah litasikilizwa tarehe 15 Agosti. Tukishindwa, Bi Hamisa anatoka kwenye nyumba yake.

Mtoto wako,
Genoveva


Kamachumu
Jumatatu ya Pasaka, 10 Aprili 2023

Mwanangu Genoveva,

Marahaba. Barua yako imenifikia siku ya Alhamisi Kuu, ikiwa na alama ya kikombe cha chai ya Padri. Mvua ni nzuri. Kahawa imechanua. Nimeezeka upya upande wa jikoni wa nyumba ya babu yako, na kaburi lake nimelipalilia mwenyewe, maana vijana wa hapa wanapalilia kwa kuangalia simu. Mwambie mama yako magoti ayakande kwa maji ya moto yenye chumvi, na aache kusimama Misa nzima. Mungu anamwona hata akikaa.

Kuhusu neno. Unalijua. Msika ni la kwetu. Mzee akifa ukoo unakaa na kumtaja mrithi mkuu, kwa kawaida mwana wa kwanza, anakalishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu wote. Baba yako alikuwa msika wa babu yako. Kiti nilikibeba mimi kutoka chumbani, nikakifuta kwa majani ya mgomba. Baba yako alikikalia, akaninong'oneza, "Proje, mbona kifupi hivi?" Nikacheka mbele ya wazee, nikatozwa faini ya debe la pombe.

Inawezekana mwandishi wa muhtasari huo ni mtu wa kwetu. Watu wetu wameenea kila penye karatasi.

Nakushauri jalada hilo umpe mwenzako. Kuna majalada yanayomfaa mtu mzima aliyekwisha kuishi.

Umeomba niandike kwa mkono. Nimeandika.

Baba yako mdogo,
Projestus


Wazo
30 Aprili 2023

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama anakushukuru kwa ushauri wa chumvi. Anasema unafuu upo.

Barua yako niliilaza kwenye meza ya chakula, na pembeni yake nikalaza nakala ya muhtasari wa Mbweni. Sikuhitaji mtaalamu wa maandishi. Herufi yako ya "k" ina mguu uliovutwa mpaka unaigusa herufi inayofuata, ndivyo ulivyonifundisha kuandika kabla sijaanza shule, umekishika kiganja changu. Neno "kikao" limo mara kumi na nne kwenye muhtasari. Nilihesabu. Nilipomaliza nilijifungia chooni, Mama akagonga mlango akauliza kama nimekula viporo.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliuliza maana ya neno kwa sababu nilitaka unikatalie. Nilitaka uandike, "Mwanangu, hilo ni kosa la mtu asiyejua Kiswahili." Badala yake ulinipa hadithi ya kiti cha babu.

Ni Mhaya gani anayewaandikia Wazaramo wa Mbweni, Waislamu, kwamba wamemsimika msika? Ulikaa ukawabuni watu tisa, ukampa shangazi uchungu, ukaweka na mapumziko ya dua, kisha ukapachika neno la nyumbani kwetu katikati ya wizi.

Nimepekua majalada mengine. Sadallah huyuhuyu ni mdogo wa marehemu Mbweni, mpwa wa marehemu Temeke, na mtoto wa nje wa marehemu mwingine kulekule Temeke. Yote matatu yameandikwa na mkono unaovuta mguu wa "k".

Ulinilipia shule, sekondari mpaka chuo kikuu. Ulikaa safu ya mbele nilipovaa joho. Nimelitoa joho kabatini, liko kwenye gunia nje, sijui nilifanye nini, nikilishika viganja vinawasha.

Sikuombi unieleze kama ni wewe. Nakuomba uje useme mahakamani tarehe 15 Agosti. Bi Hamisa hana shahidi mwingine.

Genoveva


Kamachumu
4 Juni 2023

Genoveva,

Marahaba, ingawa safari hii nilihisi shikamoo yako imeandikwa kwa sababu kalamu imezoea.

Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeichana mara tatu. Mvua imekatika. Ng'ombe wa jirani amezaa.

Ulisoma sheria. Mimi nilisoma meza. Mwaka 1994 niliiweka meza yangu nje ya mahakama moja ambayo sitaitaja, nikawa naandikia watu hati. Watu wa bara walikuwa wanafiwa Dar, ukoo uko Songea, uko Kigoma, uko huku kwetu. Mahakama inataka muhtasari. Nauli hakuna. Mwanamke analia mbele yangu na mtoto mgongoni. Basi namwandika shemeji aliyeko Songea kana kwamba alikuwepo, namwekea sahihi. Nilijiambia ni huruma. Zile mbili tatu za kwanza, hata leo naamini ilikuwa huruma.

Gaspar alikuwa dalali wa viwanja. Siku moja alisimama nyuma yangu, akasoma, akacheka mpaka akakohoa. "Projestus, kumbe ukoo unaandikika!" Kundi lilizaliwa kwa maneno hayo.

Unataka kujua linavyofanya kazi, nitakwambia, maana darasani hawakukwambia. Kuna mnusaji. Huyu anasikiliza matangazo ya vifo redioni, anakwenda msibani, anakula pilau, anabeba hata jeneza, huku anauliza taratibu: marehemu kaacha watoto? Hati iko kwa nani? Anapenda mjane mzee na ndugu walio mbali. Kuna wajumbe, watu wa kukodi. Sadallah anauza viatu vya mitumba. Sura yake haina kabila, ndiyo maana ana ndugu wengi. Kikao kinafanyika kweli, si cha kuandika tu, kwa sababu Gaspar alitaka wajumbe wakihojiwa wakumbuke nani alikaa wapi. Lazima awepo wa kulia. Mimi naandika. Kuna mwenye muhuri. Kisha nyumba inauzwa mara tatu ndani ya mwezi, mpaka imfikie mtu mwema asiyejua lolote, na huyo ndiye mjane anayegombana naye. Sisi hatupo tena.

Hatukuitana majina. Gaspar ni Babu. Mimi ni Mjomba. Tulijiita Ukoo, mwanzoni kwa utani.

Mwaka 2016 mmoja wa wajumbe wetu, tuliyemwita Shangazi, alikwenda polisi. Usiniulize alikufaje. Ukoo wote ulikuja kumzika. Gaspar alitoa salamu za familia akalia kwa sauti. Wiki mbili baadaye tulikaa kikao cha mirathi yake, alikuwa na vyumba viwili na kiwanja Temeke. Muhtasari wake niliuandika mimi.

Baada ya hapo niliendelea miaka mitano. Sina la kulipambia hilo.

Siji Dar. Nimetupa simu ili wasinipate, nawe unaniita nikasimame kizimbani.

Projestus


Wazo
18 Juni 2023

Baba Mdogo,

Salamu za nyumbani leo nitazitoa kwa namna yake, kwa sababu habari za nyumbani ndizo zenyewe.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuja mzee dukani. Kanzu nyeupe ya kazi ya mikono, ingawa shingoni ana rozari, na saa inayong'aa. Nilikuwa nyuma ya pazia napanga maboksi. Alinunua kilo mbili za sukari, akalipa, kisha akamrudishia Mama ileile sukari mikononi.

"Hiyo yako, mama. Zawadi. Ungekuwa unauza maziwa ningekuletea ng'ombe."

"Jamani mzee, asante, lakini sijakufahamu."

"Hunifahamu? Mie babu yake Genoveva! Muulize siku ile Gongo la Mboto alikunywa soda za chungwa ngapi. Tatu! Mtoto ana tumbo kama pipa la lami." Mama akacheka, kwa adabu. "Na alilia, mama yangu, alilia vizuri kuliko watu wazima. Nikasema huyu atafika mbali. Si ndiyo huyo sasa mwanasheria? Mwambie namwonea fahari. Mwambie na mjomba wake, aa, nimekosea, baba yake mdogo, ukoo unamsalimia. Tunajua migomba inahitaji utulivu."

Alipoondoka Mama aliuliza, "Yule nani?" Nilikaa juu ya boksi la sabuni.

Mimi siku ile nilikuwa nimeihifadhi kama siku nzuri. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulinivalisha gauni la komunyo ya kwanza, ukaniambia tunakwenda kwenye igizo. Sebuleni palikuwa na watu wazima wengi na picha ya mwanamume nisiyemjua imezungushiwa kitambaa cheupe. Ulininong'oneza, "Ikifika zamu yako, mkumbuke baba yako." Baba alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Nikamkumbuka, na nikalia mbele ya picha ya mtu mwingine mpaka kamasi zikalowesha gauni, na wewe ulikuwa unaandika. Kisha ukanipa kalamu nikaweka sahihi yangu ya kwanza maishani, mviringo, nikavuta mguu wa "G" kwa madaha, ukasema, "Safi sana." Nilirudi nyumbani najisikia mkubwa.

Machozi yale yalikuwa ya kaka yako. Ulikuwa na machozi ya kaka yako, ukayapeleka kazini.

Sasa najua chakula nilichokula kilitoka wapi, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliokipika. Najinusa mikono. Nimemhamishia Mama kwa mama mkubwa Tegeta, duka tumelifunga. Kesho nitamwambia Wakili Lusungu kila kitu. Huenda akaniondoa kazini, na atakuwa na haki. Nikinyamaza ili nibaki kwenye jalada la Bi Hamisa, nitakuwa bado mjumbe.

Nataka jina la mtu wa Gongo la Mboto. Nililia kwa niaba ya nani?

Genoveva


MUHTASARI WA KIKAO CHA UKOO
kilichofanyika Kamachumu, nyumbani kwa marehemu babu, 16 Julai 2023, saa tatu asubuhi

Waliohudhuria:
1. Projestus, mtoto wa pili wa marehemu, mwandishi
2. ..............................

Wasiohudhuria: wote niliowahi kuwaandika kwamba walihudhuria.

Kikao kilifunguliwa bila sala. Mwandishi alijaribu, akaona haya.

Ajenda ya kwanza: Gongo la Mboto. Mwandishi alieleza kwamba marehemu aliitwa Anwar, fundi umeme. Aliacha mke na mtoto mmoja wa kike, Najma, miaka kumi na moja wakati huo. Gaspar alihitaji mtoto wa umri huohuo. Mwandishi alimtoa wa kaka yake. Najma na mama yake walitolewa kwenye nyumba kabla ya mwezi kwisha. Mwandishi alikuwepo ng'ambo ya barabara. Mtoto alikuwa amebeba kuku.

Ajenda ya pili: msika. Iliulizwa kama neno hilo liliandikwa kwa uzembe au kwa makusudi. Mwandishi alijibu kwamba mkono ulikuwa umechoka, ukaandika lugha ya mama. Aliliona neno kabla wino haujakauka. Kalamu ya kulikata ilikuwa mkononi. Hakulikata. Hajui zaidi ya hapo, na haombi lihesabiwe kuwa wema.

Ajenda ya tatu: Mbweni. Mwandishi aliamua kuja. Mzee Ansbert wa parokia atampeleka Bukoba kwenye basi. Atafika tarehe 13 Agosti na atajipeleka mwenyewe polisi kwanza, asije akakutana na ukoo njiani. Ataomba afikishwe mahakamani tarehe 15 kama shahidi.

Mengineyo: Kiti cha babu bado kipo. Kinaliwa na mchwa mguu mmoja.

Nafasi namba 2 imeachwa wazi. Hujalazimishwa kuijaza. Ninajua wewe tayari una sahihi moja ambayo hukuiomba.

Projestus, mwandishi


Tegeta
27 Agosti 2023

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama hajambo, tumeanza tena kuuza, meza ndogo barazani kwa mama mkubwa. Joho nimelirudisha chuoni. Mpokeaji alishangaa, akasema wengi hawarudishi.

Ulitoka kizimbani ukaondolewa na askari kabla sijajua kama nilitaka kukutazama. Sasa uko mahabusu, hapahapa mjini, na bado tunaandikiana.

Hukumu ilisomwa Alhamisi. Uteuzi wa Sadallah umetenguliwa. Yeye hakutokea. Yule mzee wa sukari alikaa benchi la nyuma tarehe 15 mpaka uliposoma aya ya nne kwa sauti na hakimu akauliza, "Msika ndio nini?" Ulipoanza kueleza habari ya kiti, alinyanyuka. Wanasema anatafutwa. Mlango tunaufunga kwa makomeo mawili.

Nilimweleza Bi Hamisa wewe ni nani kwangu, na nikamweleza habari ya gauni. Alikisogeza pembeni kikombe alichokuwa ameniwekea. Kisha akasema, "Walikutuma ungali mtoto. Lakini chai yangu leo usinywe, mwanangu. Njoo siku nyingine." Nilimshukuru. Kati ya yote niliyoambiwa mwaka huu, hayo ndiyo yaliyokaa sawa tumboni.

Wakili Lusungu amenisimamisha mpaka uchunguzi uishe. Muhtasari wako nimeujaza nafasi ya pili, nikaukabidhi kwa polisi kama sehemu ya maelezo yangu. Niliandika jina, na chini yake: "Mjumbe wa kikao cha Gongo la Mboto, miaka kumi na moja." Mguu wa "G" sikuuvuta. Kuhusu Najma nimeshapata pa kuanzia, kuna fundi anayemkumbuka baba yake. Nikimwona sijui nitasema nini. Siendi kuomba msamaha ili nijisikie vizuri. Naenda kumwambia jina la aliyemlilia baba yake.

Jana nilikuja hapo getini. Nilileta sabuni, soksi na miwani yako. Kuna daftari la wageni, na askari alinisukumia kalamu. Jina, namba ya simu, uhusiano. Kwenye uhusiano nilisimama mpaka watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Askari akasema, "Dada, vipi, umesahau ni nani yako?"

Niliwaza kuandika "shahidi." Niliwaza kuacha wazi. Niliandika: "Mtoto wa kaka yake."

Kisha nikaacha mfuko mezani nikaondoka bila kuingia.

Genoveva